Mdogo wangu anasema Hitler alikuwa mjamaa kama Nyerere. Je, ni kweli?

*Swali: Shikamoo mwalimu. Nina meza ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Naishi na mdogo wangu wa kiume, ana miaka 22, alimaliza kidato cha nne, kazi ya kudumu hana. Siku hizi anashinda kwenye simu akitazama video za Hitler na Mussolini. Anasema walikuwa viongozi wenye msimamo, treni zilifika kwa wakati, na kwamba Hitler alikuwa mjamaa kama Nyerere kwa sababu chama chake kilijiita cha kisoshalisti. Wenzake wa kijiweni wameanza kusema Wakongomani na Warundi wanaokuja kununua dagaa wafukuzwe ili vijana wa hapa wapumue. Jirani yangu naye, mgambo walipombebea meza, aliwaita mafashisti. Mzee mmoja hapa sokoni anasema fashisti halisi alikuwa Idi Amin. Nimechanganyikiwa. Ufashisti ni nini hasa? Una tofauti gani na udikteta, ukomunisti, ujamaa, au kuipenda nchi tu? Na huyu mdogo wangu nimwogope?*

Marahaba, dada. Nianze na la mwisho, maana ndilo linalokunyima usingizi. Mdogo wako usimwogope. Kijana asiye na kazi anayevutiwa na watu waliovaa sare, wanaotembea kwa mstari na kuonekana wana nguvu, bado hajawa fashisti. Anatafuta heshima. Lakini yale maneno ya kijiweni kuhusu Wakongomani na Warundi yachukulie kwa uzito. Nitayarudia nikishakueleza jambo lenyewe.

Sokoni kwenu neno hili limekuwa tusi la kumrushia yeyote mwenye mabavu, na si kwenu tu. Mabavu ni kama homa: malaria huileta, taifodi huileta, na anayetibu homa bila kupima anaweza kumpoteza mgonjwa. Mfalme wa kale aliua. Mkoloni aliua. Majenerali wengi wamepindua serikali na kuua. Hawa wote hawakuwa mafashisti. Ufashisti ni mfumo wa karne ya 20, ulizaliwa Italia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na una sura yake.

Kwa maneno yangu ningeueleza hivi. Ni vuguvugu la umma linalodai kwamba taifa lilikuwa kubwa, likadhalilishwa na kuchafuliwa, na sasa litazaliwa upya kwa kumtii kiongozi mmoja na kuwaondoa maadui waliomo ndani yake. Machoni pake vita na matumizi ya nguvu ni mambo matukufu yanayomfanya mtu awe mwanaume na taifa liwe taifa. Wataalamu hubishana juu ya maelezo haya. Roger Griffin ameweka mkazo kwenye ile ndoto ya taifa kuzaliwa upya. Robert Paxton anasisitiza tuangalie zaidi walichofanya kuliko walichosema, kwa kuwa maneno yao yalibadilika kila walipoona faida. Mimi naegemea kwa Paxton, na ukiifuata historia ya Italia utaona sababu.

Mussolini alikuwa msoshalisti, tena mhariri wa gazeti la chama hicho, Avanti! Mwaka 1914 alifukuzwa kwa sababu alitaka Italia iingie vitani wakati wenzake wakipinga. Machi 1919, mjini Milano, alianzisha kundi lake la askari waliorudi kutoka vitani na watu wenye hasira za kila aina. Madai yao ya mwanzo yalikuwa na mambo mengi ya kuwapendeza wafanyakazi. Uchaguzi ulipofika Novemba mwaka huohuo hawakuambulia hata kiti kimoja. Hadithi ingeweza kuishia hapo.

Kilichowainua ni hofu ya matajiri. Mwaka 1919 na 1920 wafanyakazi wa Italia waligoma kwa wingi, viwanda vikakaliwa, na vibarua wa mashamba katika bonde la mto Po wakajiunga na vyama vyao wakadai ujira bora. Wenye mashamba makubwa wakatafuta watu wa kuwavunja. Vijana wa Mussolini, waliojulikana kwa mashati yao meusi, walipanda malori usiku wakaenda kuchoma ofisi za vyama vya wafanyakazi na vya ushirika, kupiga viongozi, na kuwanywesha wapinzani mafuta ya nyonyo kwa nguvu ili kuwaaibisha mbele ya watu. Ukitaka kuona ukubwa wa kilichoungua, fikiria vile vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba vilivyojengwa huku Usukuma miaka ya 1950 chini ya kina Paul Bomani. Hebu waza genge linakuja usiku, linateketeza ghala, mizani na daftari la wanachama, na asubuhi polisi wanatazama pembeni. Italia ilikuwa hivyo, wilaya baada ya wilaya.

Kisha wakaja wanasiasa wakongwe waliodhani wanaweza kuwatumia. Mwaka 1921 waliwaingiza kwenye orodha yao ya uchaguzi, na mafashisti wakapata viti 35. Oktoba 1922 Mussolini alitishia kuivamia Roma. Waziri mkuu alitaka hali ya hatari itangazwe, mfalme akakataa kutia sahihi, akampa Mussolini serikali. Yaani alikabidhiwa. Mwenyewe alikuja Roma kwa treni kutoka Milano. Juni 1924 mbunge Giacomo Matteotti, aliyesimama bungeni kueleza jinsi uchaguzi wa mwaka ule ulivyojaa vitisho, alitekwa na kuuawa. Januari 1925 Mussolini alisema hadharani kwamba anabeba dhamana ya yote yaliyotokea, na hakuna aliyemwondoa. Kufikia mwisho wa 1926 vyama vingine vilikuwa vimepigwa marufuku na kugoma kumekuwa kosa la jinai.

Nimekaa sana hapa kwa sababu mfumo mzima unaonekana humu: hasira ya umma, magenge yenye sare, matajiri wenye hofu, vyombo vya dola vinavyofumba macho, na wakubwa wanaojiona wajanja. Ikikosekana ile misuli ya mtaani, unabaki na dikteta wa kawaida. Wakubwa nao wakikataa kufungua mlango, mafashisti hubaki kundi la wapiga kelele. Nchi kadhaa za Ulaya zilikuwa na makundi ya namna hiyo ambayo hayakuonja madaraka.

Sasa tofauti. Dikteta wa kawaida anataka ukae nyumbani, ulime, uuze dagaa, usijihusishe na siasa. Kimya chako kinamtosha. Fashisti anakutaka barabarani. Anataka mtoto wako kwenye umoja wa vijana, mumeo kwenye gwaride, wewe mwenyewe uzae askari, na wote mshangilie. Salazar aliyetawala Ureno, huyo ambaye dola yake FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walipigana nayo kutokea hapa kwetu, alikuwa dikteta mkatili, lakini aliwaogopa mafashisti wa nchi yake, na mwaka 1934 alilipiga marufuku kundi lao kwa sababu lilipenda mno kuchochea umati. Franco wa Hispania aliwatumia mafashisti katika vita vyake, akawachanganya na wafuasi wa ufalme na maaskofu mpaka wakapoteza makali. Mhafidhina naye anataka mambo yabaki yalivyokuwa: mali, dini, ukoo, cheo. Fashisti hushirikiana naye, kisha humpanda kichwani.

Ukomunisti unafanana na ufashisti katika jambo moja zito: vyote viwili, vilipotawala, vilikuwa na chama kimoja, polisi wa siri na kambi, na damu iliyomwagwa na Stalin wa Urusi ya kikomunisti haina haja ya kupunguzwa kwa maneno. Anayekuambia kambi za Stalin zilikuwa na nafuu hakutendei haki. Tofauti iko kwenye kinachotakiwa na mali inayoguswa. Mkomunisti anasema dunia imegawanyika kwa matabaka na ananyang'anya viwanda na mashamba kutoka kwa wenyewe. Fashisti anasema tabaka ni uchochezi, kilichopo ni taifa au damu, na kiwanda anakiacha mikononi mwa mwenyewe mradi atii. Ndiyo maana wafadhili wao walikuwa watu tofauti, na walichinjana wenyewe kwa wenyewe.

Tufike kwa Hitler na jina la chama chake. Ni kweli neno usoshalisti limo katika jina, na programu yao ya mwaka 1920 ilikuwa na vipengele vya kuwabana matajiri. Mwambie mdogo wako aangalie kilichofuata. Mwaka 1928 Hitler mwenyewe alitoa ufafanuzi kwamba ile ahadi ya kutwaa ardhi bila fidia inahusu kampuni za Wayahudi. Januari 1933 akawa Chansela, yaani mkuu wa serikali ya Ujerumani. Februari alikutana na wenye viwanda wakubwa, nao wakachangia kampeni yake. Machi kambi ya Dachau ilifunguliwa, na wafungwa wake wa mwanzo walikuwa wakomunisti, wasoshalisti na viongozi wa wafanyakazi. Tarehe 2 Mei, siku moja tu baada ya kuwaandalia wafanyakazi sherehe kubwa, ofisi za vyama vyao zilivamiwa nchi nzima. Sheria ya kazi ya 1934 ilimwita mwenye kiwanda “kiongozi” na wafanyakazi wake “wafuasi”. Juni mwaka huo Gregor Strasser, aliyewahi kuwa sauti ya wale waliolichukulia neno usoshalisti kwa uzito ndani ya chama, aliuawa. Hilo jina lilikuwa chambo.

Na ujamaa wa Nyerere? Hapa nataka niwe mkweli kwako, kwa sababu mdogo wako akikugundua umeficha jambo moja hatakusikiliza kwa mengine. Tanzania ilikuwa nchi ya chama kimoja kisheria tangu 1965. Kulikuwa na sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwashtaki. Katika Operesheni Vijiji miaka ya 1970 watu walihamishwa kwa nguvu, na wazee wa vijiji vya Usukuma wanaweza kukusimulia nyumba zilizobomolewa. Yote hayo yanastahili kulaumiwa kwa jina lake. Lakini msingi wa imani ya TANU ulikuwa kwamba binadamu wote ni sawa, na ahadi ya mwanachama ilisema binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja. Fashisti hawezi kuyatamka maneno hayo akabaki fashisti. Kwake watu hawako sawa, hawatakiwi kuwa sawa, na taifa moja lina haki ya kulikalia lingine. Tena Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalitaifishwa, wakati Hitler miaka ya 1930 alirudisha mabenki makubwa mikononi mwa watu binafsi. Wakati Dar es Salaam ikiwapa hifadhi wapigania uhuru wa nchi jirani, jambo la kukumbukwa la Mussolini barani Afrika ni kuivamia Ethiopia Oktoba 1935, kumwaga gesi ya sumu juu ya watu na mifugo, na mauaji ya raia Addis Ababa Februari 1937.

Kuhusu uzalendo nitasema kidogo. Kuipenda nchi yako, lugha yako na ziwa lako hakuhitaji adui. Kipimo changu ni kutazama mapenzi hayo yanamlenga nani: yanajenga kitu, au yanadai kwanza mtu fulani aondolewe?

Mgambo waliobeba meza ya jirani yako walitumia vibaya madaraka, kama ilivyokuwa hivyo, na dawa yake ni malalamiko kwa mtendaji wa kata, kwa diwani, au kwa mwanasheria. Kuwaita mafashisti kunamfariji kwa dakika chache, lakini kunachosha neno ambalo siku moja anaweza kulihitaji.

Mzee wa Idi Amin ana hoja, nami namheshimu. Ukanda huu unamkumbuka. Kagera ilivamiwa Oktoba 1978, na vita vile vilifika mpaka anga la Mwanza. Amin alimsifu Hitler waziwazi mwaka 1972, mwaka uleule aliowafukuza Waasia kwa kuwapa siku 90. Hata hivyo mimi simwiti fashisti. Aliingia kwa mapinduzi ya jeshi, hakuwa na chama cha umma, hakuwa na fundisho, na utawala wake ulisimama juu ya askari na hofu. Ulikuwa udikteta wa kijeshi wa mtu mmoja. Haupungui uovu kwa kukosa jina hilo.

Kama ningetakiwa kutaja jambo la ukanda wetu lililousogelea zaidi ufashisti, ningetaja siasa za Hutu Power kule Rwanda. Wapo wataalamu wanaokubali na wanaokataa, lakini tazama vipande: wazo kwamba taifa la kweli ni la kundi moja, jirani aliyegeuzwa adui wa ndani na kuitwa mende redioni, umoja wa vijana wa chama, Interahamwe, uliofunzwa kuua, na dola iliyogawa silaha. Kuanzia Aprili hadi Julai 1994 waliuawa watu wapatao 800,000, wengi wao Watutsi. Mto Kagera ulileta miili mpaka Ziwa Victoria. Waulize wavuvi wazee, watakueleza jinsi watu walivyokataa samaki mwaka ule. Hili mdogo wako hahitaji video kulijua, liliingia kwenye maji anayonywa.

Sasa zile treni. Ukarabati wa reli za Italia ulianza kabla ya Mussolini, na alichokimudu zaidi yeye ni kuutangaza kama wake. Vibarua na wafanyakazi hawakufaidi: mwaka 1927 serikali iliamuru mishahara ikatwe, na hakukuwa na chama wala mgomo wa kuizuia. Mwulize mdogo wako, kwa upole, yeye angekuwa upande gani wa ile treni. Kisha msimulie habari ya Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akiwa mtoto alitumikia jeshi la Wajerumani katika Vita vya Kwanza, akahamia Berlin, akafundisha Kiswahili na kuigiza katika filamu zao. Aliwapenda Wajerumani kiasi cha kudai nishani ya utumishi wake. Mwaka 1941 walimkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mweupe, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, na huko alifia Novemba 1944. Hiyo ndiyo nafasi waliyomwekea kijana wa pwani yetu aliyewavalia sare.

Usimkaripie wala usimnyang'anye simu. Video hizi zinampa kitu: hisia ya kuwa sehemu ya jambo kubwa. Ukimdhihaki unamrudisha kwao. Mwulize maswali mawili, usubiri jibu hata likichelewa: nani atafukuzwa, na nani atamwajibisha kiongozi akikosea? Kuhusu Wakongomani na Warundi, wewe una elimu kuliko mimi. Mkalishe mezani kwako siku ya mzigo, aone nani ananunua gunia, na bei inakuwaje wiki ambayo magari yao hayakuja. Ugumu wa kupata kazi ni wa kweli, usiukane. Zungumza naye pia kuhusu kazi, na kama kuna kikundi cha vijana cha kukopeshwa na halmashauri, mwende pamoja kuuliza.

Kuna mahali mazungumzo yanapaswa kukoma ukatafuta msaada ana kwa ana. Ukisikia wanaorodhesha majina au vibanda vya wageni, wanapeana viapo, wanakusanya mapanga au petroli, wanapanga siku, au mtu ameshatishwa au kupigwa, usibishane tena juu ya historia. Nenda siku hiyohiyo kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa viongozi wa BMU, ule umoja wa wavuvi na wafanyabiashara unaosimamia mwalo wenu, na kwa polisi kata. Ukihofia kwenda peke yako, nenda na mtu mzima anayeheshimika sokoni, na yule mzee wa Idi Amin anafaa. Wajulishe pia wanunuzi wenyewe, wana haki ya kujua.

Yakiwa bado ni maneno tu, na mdogo wako akiwa mtu wa kusoma, mpeleke maktaba ya mkoa, au mwende Malimbe, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, mkaulize mhadhiri anayeweza kukaa naye saa moja. Vijana wengi waliolishwa video hawajawahi kupata mtu mzima wa kubishana nao kwa heshima. Akikubali, niandikie maswali yake yeye mwenyewe, kwa maneno yake, hata kama ni ya kunipinga. Nitamjibu.